Raketi za Ukubwani: Wazazi Wetu Wanajifunza Tenisi Irving

Irving ni mji wa mambo yanayopita. Ndege za DFW hupita juu ya mapaa yetu, magari hupita barabara kuu za 114 na 183 yakikimbilia Dallas au Fort Worth, na hata Texas Stadium, ambako Dallas Cowboys walicheza tangu 1971 hadi 2008, ulibomolewa kwa baruti asubuhi moja ya Aprili 2010. Watu walikuwa wakitoka mbali kuja Irving kukaa na kutazama wengine wakicheza. Sisi katika toleo hili tunaandika juu ya mahali padogo zaidi: viwanja vinne vya tenisi katika bustani ya umma, si mbali na MacArthur Boulevard. Hapo kila Jumamosi asubuhi akina mama na akina baba wapatao kumi wa Afrika Mashariki na Kongo hujifunza tenisi tangu mwanzo kabisa.

Mdogo wao ana miaka 45 na mkubwa ana 58. Hakuna aliyewahi kushika raketi utotoni isipokuwa mmoja, naye aliishika dakika chache tu, kwa siri. Tutafika kwake.

Sisi tulioandika makala haya ni wanachama wanne wa chama, na kundi hilo tunalijua vizuri kwa sababu wanne kati yao ni wazazi na walezi wetu. Wametuomba tusiandike majina yao. Jamii yetu hapa ni ndogo na simu za jamaa ni nyingi. Basi humu tutawaita tunavyowaita nyumbani: Mama, Mzee, Shangazi na Mjomba.

Aliyeanza ni Mama. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiwapima wengine presha. Siku alipopimwa mwenyewe, aliambiwa sukari yake ni 6.2 kwa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Kwa viwango vya Marekani, kuanzia 5.7 hadi 6.4 ni dalili kwamba kisukari kiko njiani. Daktari alimwambia apate angalau dakika 150 za mazoezi kila wiki. Mama alilipia ukumbi wa mazoezi, akatembea juu ya ile mashine kwa wiki tatu, akaacha. "Unatembea saa nzima na bado uko palepale," alituambia. "Kazi ya namna hiyo ninayo tayari."

Tenisi ilimkuta akiwa amekaa garini, akimngoja mdogo wetu amalize mazoezi ya soka. Irving ina Wahindi wengi, na jioni ile babu mmoja wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe alikuwa akicheza na mkewe, taratibu, mpira ukienda na kurudi kama watu wanaozungumza. Mama alishuka akasimama kwenye uzio. Babu akamwita aingie, akampa raketi ya akiba. Mpira wa kwanza ulipita juu ya uzio ukaangukia maegesho ya magari. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulivuka wavu, na mama yetu, ambaye hatukuwahi kumwona akikimbia isipokuwa kuwahi basi, aliruka juu akapiga kigelegele.

Babu alimuuliza kama aliwahi kucheza mchezo wowote. Alijibu kwamba alicheza rede. Wasomaji waliokulia Tanzania wanaujua: wasichana wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Hapo ndipo ilipo taabu ya Mama mpaka leo. Rede humfundisha mtu kuukimbia mpira, na tenisi inataka aufuate. Miguu yake ni myepesi ajabu, ila kwa miezi miwili ya kwanza ilikuwa inamtoa kwenye njia ya mpira badala ya kumpeleka. Anasema hata sasa mpira mkali ukimjia usoni, mwili unarudi Moshi mwaka 1982.

Baada ya wiki chache Mama alimleta Shangazi, Shangazi akawaleta wateja wawili wa saluni yake, na mmoja wao akamleta mumewe. Huyo ndiye Mzee.

Mzee amezaliwa Nairobi. Alipokuwa na miaka 12 hivi, yeye na wenzake walikuwa wakienda mwisho wa wiki kwenye klabu moja ya huko kuokota mipira ya wachezaji, kwa sarafu chache na soda. Vijana wa kuokota mipira walikuwa na mlango wao nyuma, karibu na jiko. Kushika raketi kulikatazwa. Mara moja, wachezaji walipoingia ndani kwa sababu ya mvua, alichukua raketi iliyosahauliwa kwenye benchi akapiga mpira ukutani, mara sita au saba. Mlinzi alimwona, na hakurudi tena.

Kisa chake si cha ajabu. Tenisi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza, ikawekwa ndani ya klabu. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha, kila mji wenye maofisa ulikuwa na klabu yenye nyasi, baa na viwanja vya tenisi, na Mwafrika aliingia humo kama mpishi, mtunza bustani au mwokota mipira. Baada ya uhuru sheria ya rangi iliondoka, lakini ada ya uanachama ilibaki, nayo ilifanya kazi ileile kimyakimya. Soka ilihitaji mpira wa matambara na kiwanja cha vumbi. Tenisi ilihitaji raketi, viatu, mipira inayochakaa haraka, na mtu wa kukudhamini kwa katibu wa klabu.

Wapo waliopenya. Paul Wekesa wa Kenya alifika karibu na mia bora wa dunia miaka ya 1990 na kushinda mataji ya wachezaji wawili wawili. Na rika letu lina Angella Okutoyi, aliyezaliwa 2004, akalelewa na bibi yake Nairobi, akaanzia tenisi kwenye viwanja vya shule ya msingi ya Loresho. Julai 2022 yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la mashindano makubwa kama hayo kabla yake. Baadaye alikuja kusoma Auburn, Alabama, akawa mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, tofauti ikiwa ndogo tu, kwamba anajua kucheza.

Mzee alipoteza usingizi usiku ule wa Wimbledon. Anasema aliangalia picha za bibi wa Angella kuliko za Angella mwenyewe. Mwaka uliofuata, mkewe alipomwambia aje bustanini, alikataa mara tatu. Alitoa sababu zote: mgongo, zamu, umri. Alituambia methali ya samaki mkunje angali mbichi, kisha akaongeza ya kwake: "Mimi ni ng'onda. Nikikunjwa navunjika." Siku aliyokuja, alisimama langoni muda mrefu akimtafuta mlinzi. Hakuna mlinzi. Lango la uwanja wa bustani ya umma ni chuma chenye komeo la kuinua kwa kidole, na kibao kinachosema ukiwa na watu wanaongoja, uwaachie zamu. Ada hakuna.

Tangu siku hiyo kundi lina sheria moja, aliyoileta yeye: kila mtu anaokota mipira yake mwenyewe. Watoto hawatumwi. Mdogo wetu mmoja alipojitolea kuokota ili apewe hela ya aiskrimu, Mzee alimwambia kwa upole, "Hapana, mwanangu, wewe chukua raketi." Tulielewa sababu baadaye, alipotuhadithia.

Tulipokuwa tukiandika makala haya tulimwambia jambo ambalo hakulijua. Mwaka 1970 Arthur Ashe na Stan Smith walizuru nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, wakicheza na kufundisha. Ashe huyohuyo, miaka mitano baadaye, alimshinda Björn Borg katika fainali za WCT hapa Dallas, kwenye Moody Coliseum ya chuo kikuu cha SMU. Kutoka Irving ni mwendo wa nusu saa kwa gari kama hakuna foleni. Na katika jengo hilohilo, Mei 1972, Ken Rosewall alimshinda Rod Laver kwa seti tano, mechi ambayo wengi huitaja miongoni mwa bora kuwahi kuchezwa. Rosewall alikuwa na miaka 37. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Thelathini na saba? Na sasa mimi hamsini na sita?" Akaenda kuanzisha mpira, akaupiga kwenye wavu.

Mjomba alikuja kwa njia nyingine. Ametoka Uvira, na kabla ya kuletwa Texas alikaa miaka 14 katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Sasa anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Tulimuuliza kama kambini walicheza. Alisema vijana walicheza mpira. "Mtu mzima kambini hachezi. Anangoja." Yeye ndiye mchezaji mbaya kuliko wote, tunaandika hivyo kwa ruhusa yake, na ndiye wa kwanza kufika. Saa moja kasoro robo asubuhi gari lake liko pale, na yeye anafagia majani kwenye uwanja kwa ufagio aliotoka nao nyumbani.

Walimu wetu watapenda kusikia habari ya lugha. Tenisi ya Kiswahili ina maneno machache yanayojulikana: raketi, wavu, seti, mpira. Mengine kundi limejitungia. Pigo la nguvu la upande wa mkono wa kulia linaitwa bakora. Mpira wa juu unaopaa na kuanguka nyuma ya mpinzani ni papai, kwa kuwa unaangukia unapotaka wenyewe. Mpira mfupi unaofia karibu na wavu ni mchuzi. Mtu akikunja kifundo cha mkono badala ya kuzungusha mkono mzima, Shangazi humpigia kelele, "Unakoroga uji! Songa ugali!" na kwa kweli hatujasikia mwalimu wa tenisi akieleza jambo hilo vizuri zaidi. Kwa Kiingereza sifuri ya tenisi huitwa love, basi Shangazi hutangaza matokeo kwa tafsiri yake: "Thelathini kwa mapenzi!" Mjomba hutumia Kifaransa cha shuleni, na inapofika arubaini kwa arubaini wao wawili hubishana mpaka wengine wanakunywa maji. Sisi tuliokua tukijibu Kiswahili kwa Kiingereza tumejifunza hapo njeo za masharti zaidi ya darasani. "Ningeupiga chini ungetoka." "Usingekimbia usingeumia."

Kuumia kupo, na hatutaki mtu asome makala haya akavae raketi kesho bila kujua. Kwa anayeanza ukubwani, kano na misuli ya mguu ndiyo hulalamika kwanza, hasa ya nyuma ya kisigino na ya ndama ya mguu, kwa sababu tenisi ni mchezo wa kuanza na kusimama ghafla. Mjomba alikuja na viatu vya kukimbilia. Viatu hivyo vimeundwa kwa kwenda mbele, havimshiki mtu anapokwenda ubavu, na wiki ya pili alitegua kifundo. Shangazi alikuwa na maumivu ya kiwiko kabla hata ya kuanza, yaleyale yanayoitwa kiwiko cha tenisi ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kucheza. Yake yalitoka kwenye kusuka na kukausha nywele miaka 20. Alifundishwa kupiga upande wa kushoto kwa mikono miwili, na maumivu yamepungua. Na moyo: Ashe mwenyewe alipata shambulio la moyo mwaka 1979, akiwa na miaka 36 tu, mwembamba na mwanamichezo. Daktari kwanza, raketi baadaye.

Kilichowasaidia zaidi ni mipira ya rangi. Watu wengi hudhani mipira ya tenisi ni mmoja. Ipo yenye alama ya rangi ya chungwa, ambayo mwendo wake ni nusu ya ule wa kawaida, na yenye alama ya kijani, ambayo ni pungufu kwa robo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini mpira usiojua umri wako hauna aibu. Kwa mipira ya chungwa walicheza wakiwa wamesogea karibu na wavu, na mwezi wa kwanza waliweza kurudishiana mara kumi, kumi na tano, bila kusimama. Wangeanza na mipira ya kawaida, kila mtu angeutumia mwezi huo kuokota.

Joto la Texas ni adui mwingine. Mwaka 2011 eneo la Dallas na Fort Worth lilikuwa na siku 71 za nyuzi 100 za Fahrenheit au zaidi, yaani karibu 38 za Selsiasi, na mwaka 2023 zilikuwa 55. Sakafu ya uwanja huwa na joto kuliko hewa. Kuanzia Juni kundi huhamia usiku, chini ya taa, na Mama hubeba kibuyu cha maji cha galoni kama anayekwenda shamba.

Je, vyote hivi vina faida? Kuna utafiti wa Copenhagen uliofuatilia watu zaidi ya 8,500 kwa muda unaofikia miaka 25 na kuchapishwa 2018. Waliocheza tenisi waliishi wastani wa miaka 9.7 zaidi ya wale wasiofanya mazoezi. Wakimbiaji walipata 3.2 tu. Watafiti wenyewe walionya kwamba matokeo hayo hayathibitishi kuwa tenisi ndiyo sababu. Huenda wachezaji wana pesa zaidi, huenda ni kwa vile tenisi haichezwi peke yako. Mama alipenda hilo la mwisho. Kipimo chake cha sukari sasa ni 5.8. Pia alipunguza wali, kwa hiyo hatuwezi kuigawa sifa.

Jambo gumu kuliko yote halihusu mwili. Machi iliyopita Shangazi aliweka picha kwenye WhatsApp: Mama akiwa na raketi begani na kofia, anacheka. Jioni hiyo kaka yake Mama alipiga simu kutoka Moshi. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Dada, siku hizi una nafasi ya kucheza?" Ada ya mtoto wake ilikuwa inangoja.

Tuliokuwa sebuleni tulimwona Mama akitafuta jibu. Raketi ile ilinunuliwa dola 30, na kila mwezi yeye hutuma dola 200, nyakati nyingine zaidi, tangu tukiwa wachanga. Angeweza kusema hivyo. Badala yake alisema picha ilikuwa ya siku moja tu. Kisha akamwomba Shangazi aiondoe.

Tumelizungumza sana jambo hili baina yetu, na hatukubaliani. Mmoja wetu anaona mjomba wa Moshi ana haki: kwake tenisi ni ile ya klabu, na mwenye raketi ni tajiri, basi anaona utajiri ambao haukumfikia. Mwingine anaona Mama hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Sisi sote tunajua kwamba saa za wazazi wetu hapa zimekuwa za watu wengine: za mwajiri, za ada zetu, za misiba na harusi za nyumbani. Jumamosi saa moja hadi saa tatu ndiyo ya kwanza wanayoitumia kwa jambo lisilomfaa mwingine yeyote, na wanalifanya vibaya, hadharani, mbele ya watoto wao. Mzee anasema anapokosa mpira husikia raha ya ajabu, maana hakuna anayefukuzwa kazi.

Mwezi uliopita Mama alisikia habari za ligi. Chama cha tenisi cha Marekani kina ligi za watu wazima, nyingine za kuanzia miaka 40 na 55, na mtu hujipangia kiwango kwa kujaza maswali. Viwango huanzia 1.5 na kupanda kwa nusu nusu hadi 7.0. Alijaza, akapata 2.5, akachapisha karatasi akaibandika kwenye friji karibu na cheti changu cha shule ya sekondari, anasema mmoja wetu, na kwa sumaku kubwa zaidi.

Lakini mechi za ligi huangukia mwisho wa wiki, na Jumamosi mbili kila mwezi ana zamu ya ziada mchana. Zamu hizo ndizo hasa hulipia zile dola 200. Alikaa na kikokotoo mezani usiku mzima. Asubuhi aliomba zamu moja kati ya hizo mbili iondolewe, ikakubaliwa. Kisha akamtumia kaka yake ujumbe mrefu wa sauti, dakika saba, akimweleza habari ya sukari, ya babu mwenye ndevu, ya lango lisilo na mlinzi, na kwamba kuanzia Agosti atatuma dola 150. Tiki mbili za bluu zimeonekana. Hajajibu bado.